Kibali cha Kujenga Igowole Huanzia Mkutanoni

Mvua zikikatika Mufindi, hata kabla manyunyu ya Juni na Julai hayajaisha, matanuri ya matofali huanza kufuka moshi. Mbao si tatizo, maana Shamba la Miti la Sao Hill liko wilaya hiyohiyo. Mabati yanapakiwa Mafinga, saruji ipo, mafundi wapo. Anayejenga Igowole anaweza kununua karibu kila kitu isipokuwa jibu la swali moja: nani amekuruhusu kujenga hapa?

Wengi watakujibu bila kusita: “Ninao muhtasari.”

Muhtasari huo ni karatasi moja, pengine mbili, iliyonakiliwa kutoka daftari la vikao la kijiji. Inasema fulani amemuuzia fulani eneo la hatua ishirini kwa thelathini. Mashariki linapakana na mtu fulani, magharibi njia, kaskazini korongo, kusini muuzaji mwenyewe. Chini wamepanga mashahidi wa pande zote mbili, saini ya mwenyekiti, saini ya mtendaji, na mhuri wa duara ambao wino wake umesambaa kidogo. Hatua zilipigwa kwa miguu, na miguu ya watu hailingani. Njia huhama, korongo hupanuka kila masika. Lakini maneno yenye kesi ndani yake ni yale “kusini muuzaji mwenyewe”. Muuzaji akishauza na kile kipande cha kusini, halafu akafariki, hakuna tena wa kusema mpaka ulipita wapi.

Kisheria, karatasi hiyo ni ushahidi kwamba kulikuwa na kikao, basi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001, imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji kama mdhamini wa wanakijiji wote. Halmashauri haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie, na mkutano mkuu ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mwenye haki ya kimila akitaka kumhamishia mtu mwingine, lazima halmashauri iidhinishe, la sivyo uhamisho hauna nguvu. Kwa hiyo mtu akikuonyesha muhtasari, muulize ni wa kikao gani. Ni wa mkutano mkuu? Wa halmashauri iliyotimiza akidi? Au ni wa watu watatu waliokutana jioni sebuleni kwa mwenyekiti? Mhuri unaopigwa ni uleule.

Halafu kuna asilimia kumi. Katika sehemu nyingi za nchi, ofisi za vijiji na mitaa zimezoea kudai sehemu hiyo ya bei ya kiwanja ndipo mhuri upigwe. Viongozi wa serikali wamekemea mara nyingi kwamba tozo hiyo haina msingi wa kisheria, nayo inaendelea kudaiwa. Fedha zenyewe siyo zinazonisumbua zaidi. Kinachonisumbua ni kwamba mnunuzi anatoka pale akiamini amelipia kibali, kumbe amelipia saini. Wapo pia wanaoandikisha bei ndogo ili hiyo kumi ipungue. Siku ya kudai fidia, karatasi ileile inawageuka.

Haya yote yangekuwa mambo madogo kama Igowole ingebaki kijiji cha kawaida. Haikubaki. Iko Mufindi Kusini, kwenye barabara inayochepuka Nyololo kutoka barabara kuu iendayo Zambia, ikipandisha kuelekea Kibao na ukanda wa chai. Mafinga ilipopata halmashauri yake ya mji mwaka 2015, Halmashauri ya Wilaya ya Mufindi ikajikuta na ofisi ndani ya eneo la jirani yake, mpaka makao makuu yalipohamishiwa Igowole. Makao makuu ya halmashauri hayaji peke yake. Watumishi wanataka vyumba vya kupanga, wageni wa vikao wanataka gesti, mama lishe anataka kibanda, na kila mwenye ombi anatafuta mahali pa kutoa fotokopi. Mkulima aliyezoea kulipima shamba lake kwa magunia ya mahindi sasa anaulizwa bei ya ploti.

Mahali pakifika hapo, sheria inapagawanya pande mbili, na mpaka wake hauonekani kwa macho. Upande mmoja ni ardhi ya kijiji. Upande wa pili ni eneo la mipango miji, linalotangazwa na waziri kwenye Gazeti la Serikali kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007. Ukiwa upande wa pili unahitaji mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, upimaji, bikoni, hati miliki ya miaka maalumu, kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba msingi. Ukiwa upande wa kwanza unahitaji hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo kwa mwanakijiji haina mwaka wa kuisha, na nyumba yako inasimama juu ya uamuzi wa halmashauri ya kijiji na sheria ndogo zilizopo. Mashamba ya chai ya jirani, yenye hati zilizohesabiwa miaka, yanaweza kumwonea wivu mkulima mwenye hati ya kimila. Tatizo ni kwamba mkulima huyo mara nyingi bado hajaichukua.

Chukulia kijana anayetaka kujenga fremu nne za biashara zenye vyumba viwili vya kuishi kwa nyuma. Akiwa ndani ya eneo la mipango, maombi yake yanapita TAUSI, mfumo wa kielektroniki wa TAMISEMI ambao pia hutoa leseni za biashara. Ataambatanisha uthibitisho wa umiliki na michoro ya mtaalamu. Afisa mipango miji ataangalia kama kiwanja ni cha makazi, cha biashara au cha vyote viwili. Kikiwa cha makazi tu, fremu zake zinahitaji kwanza ombi la kubadili matumizi. Mhandisi ataangalia msingi na nguzo, afisa afya choo na shimo la maji taka, na mwingine atauliza gari la zimamoto litapita wapi.

Watu hulalamika kwamba huo ni usumbufu wa mjini. Hapo mimi siko nao. Nyumba nyingi siku hizi zinajengwa kwa “ramani” iliyotumwa WhatsApp, picha iliyozunguka simu kwa simu hata haijulikani nani aliichora. Ramani ya namna hiyo mara nyingi ilichorwa kwa ajili ya joto la Pwani. Ina madirisha mapana ya kuingiza hewa, haina mahali pa moto, wala paa lake halikufikiriwa kwa mvua ya miezi. Mufindi watu hawatafuti upepo, wanaukimbia. Wanaziba madirisha hayohayo kwa plastiki, wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga mlango. Hewa ya mkaa haina rangi na inaua watu usingizini. Afisa afya anayekagua mchoro na kuuliza tundu la hewa liko wapi anafanya kazi yenye maana kuliko mhuri wowote.

Kijana huyohuyo akiwa upande wa kijiji, njia yake ni fupi kwenye karatasi. Anaanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, anapeleka ombi la hati ya kimila kwa halmashauri ya kijiji, na halmashauri ina siku 90 za kutoa uamuzi. Mpaka unatembelewa na majirani wakiwepo, si kwa kuonyeshwa kidole kutoka barabarani. Hati inasainiwa na mwenyekiti na mtendaji, inathibitishwa na afisa ardhi wa wilaya, na nakala yake inabaki kwenye masjala ya ardhi ya kijiji. Vijiji vingi vya mikoa hii ya kusini hukwama kwenye hatua ya afisa ardhi, kwa sababu nauli ya kumfikia na gharama ya kumleta ni kubwa kuliko thamani ya kile kinachoandikishwa. Igowole haina kisingizio hicho. Ofisi ya wilaya iko hapohapo.

Barabara nayo ina sheria yake. Kilio cha lami Mufindi Kusini ni cha muda mrefu, na kila mwenye fremu anataka mlango wake utazame barabarani. Sheria ya Barabara, Na. 13 ya 2007, iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ndipo Watanzania walipojifunza kusoma rangi mbili. Alama ya X nyekundu ukutani humaanisha umejenga ndani ya hifadhi, bomoa kwa gharama zako. X ya kijani humaanisha barabara ndiyo iliyokufuata, subiri fidia. Aliyejenga baada ya 2007 ndani ya mita 30 hana kijani cha kusubiri, hata akiwa na mihutasari kumi. Kijiji hakina mamlaka ya kumgawia mtu hifadhi ya barabara. Nimewahi kuona, kwingineko, mtu aliyezungushia X yake fremu ya picha na kuendelea kuuza sukari. Ucheshi huo hauzuii tingatinga.

Kwa maoni yangu, kibali kinachostahili kutangulia vyote ni kile kisichokuwa na jina la mtu, yaani mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya 2007, inakipa kijiji chenyewe mamlaka ya kupanga, kikisaidiwa na timu ya wilaya na kwa kufuata mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, iliyoundwa mwaka 1984. Kazi huanzia chini, nikimaanisha chini kabisa, kwenye udongo. Wazee, vijana na akina mama huchora kijiji chao kwa kijiti. Mto unakuwa mstari wa majivu, shule jiwe, msitu tawi la mti. Hapo ndipo ugomvi mzuri hutokea. Mzee anasema njia ya ng'ombe ilipita hapa tangu zamani, kijana anasema hapo pana mahindi yake. Mama mmoja anauliza makaburi yako wapi kwenye mchoro, na wote wananyamaza kwa sababu walisahau. Mpimaji huwasha GPS baadaye.

Kinachotoka humo ni maeneo yenye mipaka: makazi, kilimo, malisho, misitu, vyanzo vya maji, huduma za jamii, makaburi, na akiba ya watoto ambao hawajazaliwa. Mkutano mkuu ukishaupitisha, na sheria ndogo zikapitishwa na baraza la madiwani, mpango huo unakuwa ndiyo au hapana ya awali kwa kila ombi litakalofuata. Mtu akija na fedha zake akitaka kujenga kituo cha mafuta juu ya chemchemi, mwenyekiti halazimiki kuwa shujaa. Anamwonyesha ramani. Bila ramani, mwenyekiti anabaki peke yake na mgeni mwenye fedha, na sisi tunategemea uadilifu wa mtu mmoja anayelipwa posho.

Kwa Mufindi kuna mambo mawili ambayo mpango usioyagusa hauna kazi. La kwanza ni vinyungu. Watu wa Iringa wamelima mabonde yao yenye unyevu kwa vizazi: maharage, mboga na mahindi ya kuchoma, wakati milimani pamekauka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Mabonde mengi ya vinyungu ni membamba, na ukipima mita 60 kila upande umelimaliza bonde zima. Ruaha Mdogo unaanzia kwenye nyanda hizi, na umeme na mpunga wa walio chini unategemea maji ya huku, kwa hiyo sheria haikutungwa kwa kumkomoa mtu. Lakini kumwambia mama aache kinyungu bila kumwonyesha kwenye ramani atalima wapi kiangazi ni kumfundisha kulima usiku. Heri kijiji kikae, kipime bonde kwa bonde, kitenge lipi ni chanzo cha kuachwa kabisa na lipi linalimika kwa masharti.

La pili ni miti. Kwa miaka mingi sasa watu wa mjini wamekuwa wakinunua ardhi ya vijiji vya Mufindi na Njombe kupanda misindano na mikaratusi. Mti hauhitaji mwenyewe kuwepo, ndiyo raha yake. Anayeuza huona fedha leo. Baada ya miaka kadhaa mwanawe anatembea mbali zaidi kutafuta shamba la mahindi. Kanuni za 2001 za Sheria ya Ardhi ya Vijiji zinakiwekea kijiji ukomo wa hekta 20 katika kugawa ardhi kwa uamuzi wake, na zaidi ya hapo ngazi za juu zinaingia. Ukomo huo ni rahisi kuupita kwa kununua vipande vidogo vidogo, kila kimoja na muhtasari wake. Hapo pia dawa ni ramani, kwa sababu vipande vidogo huonekana kuwa shamba kubwa pale tu vikiwekwa kwenye karatasi moja. Programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyofadhiliwa na Finland, ililiona hilo mapema ikawa inavisaidia vijiji kupanga matumizi ya ardhi kwanza, miche baadaye.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini nang'ang'ania mkutano, wakati wilaya ina wataalamu wanaoweza kuchora mpango kwa wiki moja. Iringa ndiyo yenye jibu. Desemba 25, 1971, mkuu wa mkoa huo, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi katika ugomvi wa shamba, wakati vijiji vya ujamaa vikianzishwa. Mwamwindi alinyongwa. Miaka miwili baadaye ikaja Operesheni Vijiji, na hadi 1976 mamilioni ya watu nchini walikuwa wamehamishwa. Mashamba ya mababa yalibaki nyuma au yakagawiwa wengine, bila karatasi. Serikali ilijaribu kufunga mjadala kwa sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za zamani za kimila. Baba na mwana, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, wakaenda mahakamani. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haichukuliwi bila fidia ya haki. Sheria mbili za 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zimetungwa kwenye kivuli cha hukumu hiyo na cha ripoti ya tume ya Profesa Issa Shivji iliyotangulia. Kwa hiyo mkutano mkuu si mapambo ya kidemokrasia. Uliwekwa kwa sababu watu walishajua kinachotokea ukikosekana.

Wapo wanaosema upimaji ni ghali. Ulikuwa ghali zaidi zamani. Kijiji cha Ilalasimba, Iringa Vijijini, kilikuwa cha kwanza kujaribu MAST, programu ya simu iliyokuja kwa ufadhili wa Marekani. Vijana wa kijiji walifundishwa, wakatembea na mwenye shamba na majirani zake kwenye mpaka, simu ikichukua alama kila kona. Taarifa ziliwekwa wazi watu wazikague na kupinga palipokosewa, kisha hati zikachapwa. Kazi hiyo ikasambaa vijiji vingine vya Iringa na kufika Mbeya. Fedha za mfadhili zina mwisho wake, lakini ujuzi haukuondoka na ndege. Simu ya namna hiyo Igowole wanayo hata madereva wa bodaboda.

Jirani zetu wa Kenya wamejaribu kukaba upande wa pili, upande wa mtoa kibali. Sheria yao ya mipango ya mwaka 2019 inasema serikali ya kaunti isipomjibu mwombaji ndani ya siku 60, ombi linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Naipenda roho ya kifungu hicho, naiogopa mahali ambapo mhandisi ni mmoja na wilaya ni pana: kimya chake kitajenga ghorofa. Lakini wana kingine cha kuazima. Tangu 1967 uuzaji wa shamba katika maeneo yaliyotengwa hupita kwenye bodi ya udhibiti wa ardhi, na bila ridhaa yake ni batili. Sisi tuna sharti la namna hiyo kwenye sheria ya vijiji. Tofauti ni kwamba wao wanajua bodi inakaa siku gani.

Ugomvi ukitokea, baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu, wala haliamui. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko yale maneno “kusini muuzaji mwenyewe” yatakaposomwa kwa sauti na mtu asiyeijua Igowole.

Anayechimba msingi kiangazi hiki basi aanze kwa afisa ardhi na swali moja: kiwanja hiki kiko upande gani, wa kijiji au wa mipango miji? Achukue tepu apime mita 30 kutoka katikati ya barabara, asikubali hatua za miguu. Aombe kuona daftari lenyewe la vikao, si nakala, asome tarehe na idadi ya waliohudhuria. Na asisahau kuuliza mwenzi wa muuzaji yuko wapi. Sheria ya Ardhi inamtwika mnunuzi wajibu wa kuuliza kama mke au mume ameridhia, na muuzaji akidanganya, mwenzi aliyefichwa anaweza kuyabatilisha mauzo hayo hata kama nyumba imeshapauliwa.